Hilarión Noyola Petatán, Aliyetuweka Kwenye Filamu (1936–2023)

Ndugu, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka Acapulco, Pinotepa na mji mkuu, poleni na njia. Huyu tunayemlaza leo mnamfahamu wote, lakini kila mmoja anamfahamu kwa upande wake. Wengine wanamjua kama mwigizaji, wengine kama fundi wa ngoma ya mashetani, ile tunayoicheza kwa vinyago Siku ya Wafu, na wengine kama jirani aliyekuwa hapendi jogoo wao. Familia imejaribu kuziunganisha pande hizo.

Marehemu Hilarión Noyola Petatán alizaliwa Jumatano, tarehe 21 Oktoba 1936, hapa hapa Los Cocoyules, wilaya ya Cuajinicuilapa, jimbo la Guerrero, katika nyumba ya msonge ya babu yake. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume peke yake, wa mzee Fidencio Noyola, mchunga ng'ombe, na Doña Crescencia Petatán, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshinda kupika tamale za kome, unga wa mahindi uliofungwa majanini. Kama yupo hapa leo anayebisha, familia inamwomba asubiri mazishi yaishe. Mama alitaka mtoto aitwe Baltazar, ila kalenda ya kanisa ilionyesha kuwa siku ile ni ya Mtakatifu Hilarión, na mkunga akasema watakatifu hawapingwi. Mkunga huyo huyo alisema mtoto analia kama anayejua kuna watu wanasikiliza.

Alisoma shule ya msingi ya serikali kule Cuajinicuilapa kuanzia mwaka 1944 hadi 1949, chini ya mwalimu Ofelia Zúñiga, akiwa anakwenda na kurudi kwa miguu. Aliishia darasa la tano, kwa sababu mwaka ule fahali alimvunja baba yake mguu na ng'ombe wakakosa wa kuwapeleka malishoni. Lakini kusoma alikuwa amekwisha kukujua, na siku zile barua zilikuwa nyingi kijijini na wasomaji wachache. Akina mama walimletea barua za watoto wao waliokwenda kufanya kazi Acapulco, naye alizisoma kwa sauti ya yule aliyeandika: mwenye kigugumizi akamsoma kwa kigugumizi, mwenye majivuno akamsoma kwa kupandisha mabega. Doña Jacoba Marín alileta barua moja ya mwanawe Porfirio mara nne.

"Nisomee tena, mwanangu," alimwambia mara ya nne, "lakini safari hii Porfirio awe amenikumbuka zaidi."

Marehemu alisoma, na Porfirio akawa amemkumbuka mama yake zaidi. Doña Jacoba alilia akafurahi. Marehemu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo shule yake ya uigizaji, na kwamba nyingine hakuwahi kuiona.

Mwaka 1953, akiwa na miaka kumi na sita, alikwenda Acapulco akapata kazi ya kupakia magunia bandarini. Aliifanya miaka minne. Mwezi wa Februari 1957 walifika watu wa filamu kutoka mji mkuu, wakiwa na boti, taa na waigizaji wa kike wenye miavuli. Msaidizi wa mwongozaji alipita katikati ya wapakiaji, akamwona marehemu, mweusi na mrefu kama mnazi, akasimama.

"Wewe, unatoka nchi gani?"

"Guerrero, bwana."

"Najua unafanyia kazi Guerrero. Nauliza kabla ya hapo ulikuwa wapi."

"Kabla ya hapo nilikuwa tumboni mwa mama yangu. Naye alikuwa Guerrero."

Wapakiaji wote walicheka, yule msaidizi hakucheka. Alimwambia kwamba kwenye filamu atakuwa baharia wa Kuba, na kwamba aongee kama Mkuba. Marehemu hakuwahi kumsikia Mkuba akiongea hata siku moja. Alifikiri kidogo, akaongea kama mjomba wake Eleuterio akiwa amelewa. Mwongozaji alisema, "Safi kabisa! Hawa watu hawafundishwi, wanazaliwa nayo." Ndivyo alivyoingia kwenye sinema.

Filamu ile ilifika Ometepec mwaka uliofuata. Kijiji kizima kilipanda lori la mbata kwenda kuiona, Doña Crescencia akiwa mbele karibu na dereva, amevaa pete zote. Mwanawe alionekana kwa muda wa kupepesa jicho mara tatu: alisimama kwenye boti, akapiga kelele, akaangukia majini, akazama. Doña Crescencia alisimama ukumbini akasema kwa sauti, "Huyo ndiye wangu! Huyo anayezama!" Lakini marehemu alipokuja nyumbani Krismasi, mama hakuwa na furaha.

"Nimekulea kando ya ziwa la pwani, nimekufundisha kuogelea kabla hujajua kutembea," alisema, "halafu unakwenda kuzama mbele za watu?"

"Ni kuigiza tu, mama."

"Sawa, ni kuigiza. Na hao walikuwa wanakuita Mkuba kwa nini?"

Marehemu alisema hata hilo ni kuigiza. Mama alimtazama, akaendelea kumenya kome.

Alihamia mji mkuu mwaka 1958, na kati ya mwaka huo na 1986 alionekana katika filamu sitini na tatu. Familia inasema idadi hiyo kwa fahari, ingawa watu wengi hawajawahi kuliona jina lake kwenye hata moja. Alikuwa mpiga ngoma, mlinzi wa sultani, mkuu wa wala-watu, bondia anayepigwa, mtumishi anayefungua mlango, mvuvi wa Haiti, na mara mbili alikuwa Mwafrika aliyevaa ngozi ya chui. Kupiga ngoma hakujua. Alifundishwa na fundi wa umeme. Waongozaji walimpenda kwa sababu hakuchelewa, na waigizaji wakubwa walimpenda kwa sababu aliwakumbusha maneno yao bila kutikisa midomo. Anaposimama nyuma ya mlango katika filamu hizo, ukimtazama yeye badala ya yule anayeongea, utaona kwamba anasikiliza kweli. Binti zake wanasema hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwenye kazi ile, na wao wamezitazama filamu hizo mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kwenye chumba cha mavazi, mwaka 1961, alikutana na Amparo Cisneros Luján, mshonaji kutoka Puebla, aliyepewa kazi ya kumshonea suruali ya mlinzi wa sultani. Marehemu alikuwa amebana tumbo na kutanua kifua.

"Pumua, kaka," Amparo alimwambia akiwa na pini mdomoni. "Suruali haijui kuigiza. Kesho ukipumua itapasuka."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Mei 1963, katika kanisa la Mtakatifu Hipólito, mji mkuu. Wazazi wa Amparo hawakufurahia mwanzoni, na hilo halifichwi kwa sababu wenyewe baadaye walilisema na kuomba radhi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Remedios, Fidencio na Tomasa.

Liko jambo moja la barabarani ambalo marehemu alilisimulia kila Krismasi, na familia haikukubali liachwe. Mwaka 1969 alikuwa akisafiri kwa basi kurudi mji mkuu. Maofisa fulani walisimamisha basi, wakawapita abiria wote, wakamshusha yeye. Walitaka hati za kuingilia nchini. Alisema hana, kwa kuwa hajawahi kutoka. Ofisa akasema, "Kama wewe ni Mmeksiko kweli, tuimbie wimbo wa taifa."

Marehemu alivua kofia, akasimama wima kandokando ya lami, akaimba. Alimaliza kiitikio na ubeti wa kwanza, ofisa akamwambia basi, inatosha. Hakunyamaza. Aliimba ubeti wa pili, wa tatu na wa nne, kama mwalimu Ofelia Zúñiga alivyowafundisha, na abiria wakaanza kusimama mmoja mmoja ndani ya basi, kwa sababu wimbo wa taifa ukiimbwa watu husimama. Alipomaliza alivaa kofia yake.

"Sasa wewe, bwana mkubwa," alimwambia ofisa. "Niimbie ubeti wa pili, nami nijue kama wewe ni Mmeksiko."

Ofisa hakuujua. Mama mmoja akapaza sauti dirishani, "Muacheni huyo apande! Mshusheni huyo ofisa!" Basi likaondoka na marehemu ndani. Kila aliposimulia, sisi tulicheka mpaka machozi. Amparo peke yake hakuwa akicheka. Yeye alikumbuka jinsi alivyofika nyumbani siku ile na kukaa kwenye kiti kwa saa mbili bila kuvua viatu.

Mwaka 1973 Remedios alikuwa na miaka tisa. Mwalimu wake aliwauliza watoto wazazi wao wanatoka wapi, na Remedios akaandika kwa mwandiko mzuri: "Mama yangu anatoka Puebla. Baba yangu ni Mkuba." Alileta daftari nyumbani likiwa na alama ya vema. Marehemu alisoma.

"Nani amekwambia mimi ni Mkuba?"

"Si nimekuona, baba," mtoto alisema. "Kila filamu."

Marehemu hakumkaripia. Alikwenda dukani akanunua daftari kama lile la mtoto, akaanza kuandika filamu.

Ilikuwa na habari ndogo. Mchunga ng'ombe wa Los Cocoyules anapeleka ng'ombe wanane mnadani Ometepec, na mama yake amemkataza kumwuza mmoja wao. Anakwenda, anakutana na wanunuzi wanaomtaka huyo huyo tu, anakaribia kushawishika, anarudi nao wote. Basi. Jina lake lilikuwa Wa Hapa Hapa. Marehemu aliipeleka kwa watayarishaji watano. Wanne hawakujibu, na wa tano aliuliza ngoma ziko ukurasa wa ngapi.

Hapo ndipo rafiki yake, Don Evelio Sarquís, mpiga picha, alipomwambia siri ambayo watu wa kamera wote waliijua: kila siku ya kazi, mwishoni mwa kila mkanda hubaki kipande ambacho hakijapigwa picha, cha dakika moja au mbili, nacho hutupwa. Kuanzia siku ile hakikutupwa tena. Don Evelio aliviomba kwa kila mpiga picha aliyemfahamu, Amparo akavibeba chini ya vitambaa vyake, na kwa kuwa mkanda huharibika kwa joto, vyote vilikaa kwenye friji ya nyumbani. Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka miwili. Maziwa yalikaa dirishani, na watoto walikunywa soda ya moto. Tomasa, aliyekuwa mdogo, alidhani kila nyumba ina friji ya filamu, akawa anashangaa kuona nyama kwenye friji za wenzake.

Filamu ilipigwa hapa kati ya mwezi wa Machi na Mei 1976, kabla ya mvua. Kulikuwa na kamera moja, Don Evelio, Amparo akishughulikia mavazi, na watu arobaini na mmoja wa kijiji hiki. Marehemu alicheza mchunga ng'ombe. Doña Crescencia alicheza mama, na alikuwa mwigizaji mwenye masharti. Kwenye tukio la kumuaga mwanawe alilia vizuri mno, lakini upepo ulikuwa umeingia kwenye kinasa sauti.

"Tunarudia, mama," marehemu alimwambia.

"Turudie nini?"

"Kulia."

"Nimeshalia, Hilarión. Machozi si maji ya kisima, uchote tu kila ukitaka. Mngekuwa makini tangu mwanzo."

Walisubiri siku tatu. Siku ya tatu, wakati wa kumenya kome, Doña Crescencia alisema bila kuinua kichwa, "Haya, leteni hicho chombo chenu. Nimemkumbuka marehemu baba yako." Ndicho kilio mnachokiona.

Mwezi wa Septemba 1977 filamu ikiwa tayari, msambazaji mmoja wa mji mkuu aliitazama mpaka mwisho. Marehemu alisema mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa na machozi. Alisema ataiweka katika kumbi arobaini, nchi nzima, kabla ya mwaka kwisha. Sharti lake lilikuwa dogo: mwanzoni kabisa yaandikwe maneno machache, "Katika kisiwa kimoja cha Karibi."

"Watazamaji wangu wataona sura hizi watachanganyikiwa," alisema. "Watauliza hawa ni akina nani. Tuwasaidie tu, Hilarión. Ni sentensi moja! Hakuna kitu kingine nitakachogusa."

Mnaomjua mnadhani alikataa pale pale. Hakukataa. Aliomba siku moja. Alikuwa hajapata kazi tangu mwezi wa Aprili, alikuwa na watoto watatu, na kumbi arobaini ni ndoto ya kila mtu wa kazi ile. Alirudi nyumbani akamweleza Amparo, akamwambia kwamba baada ya sentensi ile kila kitu kitabaki kama kilivyo, mama yake, ng'ombe, ziwa, vyote. Amparo alikuwa anapiga pasi. Aliweka pasi chini.

"Hilarión, nimekaa na mikanda kwenye friji yangu miaka miwili. Watoto wamekunywa vitu vya moto kwa ajili yake. Mimi sikuweka kisiwa mle ndani. Niliweka kwenu."

"Na tutakula nini?"

"Nitashona. Si ndicho ninachofanya?"

Kesho yake alikwenda kumwambia msambazaji. "Mama yangu yumo mle," alisema. "Nitamwambiaje kwamba amezaliwa kisiwani?" Alichukua makopo yake, akatoka nayo kwapani, na kwa kuwa yalikuwa mazito na basi lilikuwa limejaa, alitembea hadi nyumbani.

Filamu haikuingia kwenye ukumbi hata mmoja. Familia haitaki kulipamba jambo hilo. Zilikuwa siku ngumu, na marehemu alirudi kufungua milango katika filamu za wengine. Lakini kila mwaka, kuanzia 1978, alikuja huku pwani na projekta, akaionyesha Wa Hapa Hapa kwenye kuta: ukuta wa kanisa, wa ghala, wa shule, popote penye chokaa nyeupe. Alianzia hapa nyumbani, akaenda Cuajinicuilapa, Montecillos, San Nicolás, akavuka hadi upande wa Oaxaca. Watu walikuja na viti vyao jua likizama. Huko El Pitayo mzee mmoja aliitazama, akamfuata marehemu, akamshika usoni kwa mikono miwili. "Miaka yote," alisema, "nilidhani sinema ni ya watu wa mbali."

Tetemeko la Septemba 1985 liliangusha jengo walimohifadhi mkanda mama, ule wa kutolea nakala. Ikabaki nakala moja tu, ile ya kwenye kuta, yenye vumbi na mikwaruzo. Mwaka 1986 marehemu na Amparo walihamia hapa moja kwa moja. Alilima ufuta, alifundisha ngoma ya mashetani kwa miaka ishirini na saba, na kila Novemba alionyesha filamu, hata baada ya mama yake kufariki mwaka 1989. Mwaka ule ndipo Doña Eufrosina, dada mkubwa wa marehemu, alipokwenda kusimama karibu na ukuta ili awe karibu na mama. Mwaka 1998 projekta ilikufa, na makopo yakaingia chini ya kitanda.

Mwezi wa Aprili 2017 alifika binti mmoja, Ximena Olaiz, anayefanya kazi ya kuokoa filamu za zamani. Alikuwa ameona uso wa marehemu nyuma ya milango mingi mno, akaanza kutafuta jina. Alipoyafungua makopo alikaa chini sakafuni. Picha zingeweza kuokolewa karibu zote, alisema. Lakini kopo la mwisho lilikuwa limeingia unyevu, na sauti yake imekwisha kabisa: dakika kumi na moja za mwisho ni bubu. Marehemu alimwambia asilie, kwamba dakika themanini si haba.

Jumamosi, tarehe 17 Novemba 2018, saa moja jioni, filamu iliyosafishwa ilionyeshwa uwanjani hapa. Ninyi mlikuwepo. Lakini wageni hawakuwepo, kwa hiyo tunawasimulia. Dakika kumi na moja kabla ya mwisho, mchunga ng'ombe alipoonekana akikaribia nyumba ya mama yake, sauti ilikatika. Mdomo wa Doña Crescencia ulifunguka na hakikutoka kitu. Kisha Doña Eufrosina, akiwa na miaka themanini na saba kwenye kiti chake cha plastiki, akasema kwa nguvu na kwa sauti ya mama yake, "Umechelewa! Chakula kimepoa, na wewe hata aibu huna!"

Mtu akacheka. Marehemu, kutoka safu ya mbele, akajibu maneno yake ya mwaka 1976: "Mto ulijaa, mama." Na Porfirio Marín, yule yule wa barua, akasema ya jirani, kwa sababu jirani alikuwa yeye. Wajukuu wa waliofariki wakasema ya babu zao. Watu walikuwa wameiona filamu ile kwenye kuta kwa miaka ishirini. Hakuna aliyekosa neno. Kijiji kizima kilisema dakika kumi na moja mpaka mwisho, na mwisho, ambapo mama anawahesabu ng'ombe wanaporudi zizini, uwanja mzima ulihesabu pamoja naye hadi wa nane.

Ximena alikuwa amewasha kinasa sauti. Sauti zile ndizo zilizomo kwenye filamu sasa. Popote inapoonyeshwa duniani, sehemu ya mwisho ni ninyi mnaoongea.

Februari 2020 ilionyeshwa mji mkuu, katika ukumbi wa viti mia nane. Marehemu alipoitwa jukwaani alitoa karatasi, akasema kwanza atasoma majina. Aliyasoma yote arobaini na moja, taratibu, bila miwani, jina na ukoo, na waliofariki aliwatangulizia neno marehemu. Watu walisimama alipofika jina la saba au la nane, na hawakukaa tena. Mwezi uliofuata makarani wa sensa walipita, na kwa mara ya kwanza sensa ya nchi nzima iliuliza kama mtu ni mweusi wa Meksiko. Marehemu aliomba swali lile asomewe mara mbili. Alikuwa amelielewa, alilipenda.

Moyo wake ulianza kuchoka Oktoba 2021. Alitibiwa Ometepec, na familia inawashukuru waliomhudumia. Madaktari walishauri apelekwe Acapulco. Alisema Acapulco amekwisha kuibebea magunia ya kutosha. Mwaka wake wa mwisho alikaa kibarazani akiwasahihisha vijana wa ngoma kwa fimbo, na akiwasomea magazeti wasio na macho, kila mwanasiasa kwa sauti yake.

Alifariki nyumbani, Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka themanini na sita. Amparo alikuwa kando yake. Alikuwa anamnyoosha kola ya shati la kulalia, iliyojikunja.

"Acha tu, Amparo," marehemu alisema. "Hakuna kamera."

"Na mimi ninayekutazama je?"

Alitabasamu, akatulia akamwacha anyooshe.

Ametanguliwa na wazazi wake, dada yake Natividad, na rafiki yake Don Evelio Sarquís. Ameacha mjane, Amparo Cisneros Luján, dada, Eufrosina, watoto watatu, Remedios, Fidencio na Tomasa, wajukuu saba, vitukuu wawili, watoto wa ubatizo kumi na wanne, mashetani wa ngoma ishirini na wanne ambao leo wamevua vinyago, na filamu moja.

Rozari itasomwa nyumbani kwa siku tisa. Jumapili, tarehe 19 Februari, tutakiinua kivuli chake, ndiyo ibada yetu ya kuiaga roho, na baada ya hapo kutakuwa na kahawa, mkate na tamale za kome, kwa mapishi ya Doña Crescencia.

Mwenyezi Mungu ampokee Hilarión wetu, na udongo huu wa kwao umlaze salama.